Chombo Kilichokufa Angani: Ni Juu ya Nani Kukiondoa?

Tarehe 30 Disemba 2024, wakati wa alasiri, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka juu katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Upana wake ulikuwa kama mita 2.5, na uzito wake kama kilo 500. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba hakuumia mtu. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilipeleka watu wake wakaichukua, kisha likatangaza kwamba yaonekana ni pete ya roketi, ile ambayo hutengwa na roketi inapopanda. Na kwamba vitu vya namna hii kwa desturi huundwa viungue vinaporudi katika hewa, au viangukie mahali pasipokaa watu, kama baharini. Mtu yeyote mwenye akili akisikia habari kama hii, suali la kwanza litakalomjia ni hili: Ya nani?

Suali hilo ndilo tulitakalo kulizungumza leo, lakini tutaliuliza kwa vile ambavyo havijaanguka. Juu ya vichwa vyetu, usiku na mchana, vyazunguka vyombo vilivyokufa na vipande vya vyombo vilivyovunjika, na vyote vimo katika njia zile zile zinazopitwa na vyombo vilivyo hai ambavyo watu wavitegemea. Jee, mtu akiacha chombo chake kilichokufa katika njia ya watu wote, haki yake ya kukimiliki yabaki? Na ikibaki, wajibu wake wabaki pia? Na mwingine akitaka kukiondoa kwa maslaha ya wote, ataomba ruhusa kwa nani, na gharama italipwa na nani?

Kwanza yafaa tujue hali yenyewe ilivyo, kwani hukumu ya jambo hufuata picha yake. Urusi ya Kisovieti ilirusha setilaiti ya kwanza, Sputnik, tarehe 4 Oktoba 1957. Marekani ilifuata, na miongoni mwa vyombo vyake vya mwanzo kimo kijipira cha madini kisichofika kilo 2, kiitwacho Vanguard 1, kilichorushwa tarehe 17 Machi 1958. Kilikoma kutoa sauti mwaka 1964, na hatta leo kingali chazunguka. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa ni mababu, na kijipira kile hakijateremka. Baada yake vikafuatia vingine kwa maelfu. Hivi sasa vitu vinavyofuatwa kwa rada na darubini vyafikia kama 40,000, na setilaiti zinazofanya kazi hazifiki nusu ya hivyo. Vilivyosalia ni vyombo vilivyokufa, viwiliwili vya roketi, na vipande. Na ama vile vidogo visivyoweza kufuatwa, vya kuanzia sentimita 1, Shirika la Anga la Ulaya lakisia kuwa vyapita milioni 1.

Hatta sisi wa pwani hatuko mbali na historia hii kama tudhanivyo. Katika ghuba ya Ngwana, kaskazini ya Malindi, Wataliani waliweka jukwaa lao la San Marco baharini, na kuanzia mwaka 1967 mpaka mwaka 1988 roketi zilirushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa hapo setilaiti ya Kimarekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota, ya kwanza iliyoundwa kwa kazi hiyo peke yake, nayo ikapewa jina la Uhuru. Iliifanya kazi yake vizuri, na mwaka 1979 ikarudi katika hewa ikaungua. Haikumwachia mtu tabu yoyote.

Kwa nini Uhuru imekwisha na Vanguard 1 ingalipo? Sababu ni kimo. Katika kilomita 500 kwenda juu kungali na hewa, ingawa ni nyembamba mno, nayo hukivuta chombo kidogo kidogo mpaka kikashuka baada ya miaka kadhaa. Katika kilomita 800 hewa ni haba zaidi, na chombo chaweza kukaa miaka mia na zaidi. Ukipita kilomita 1,000 muda ni wa karne nyingi. Na kule kilomita 36,000, ziliko setilaiti nyingi za televisheni na za hali ya hewa, hakuna hewa ya kukivuta chombo, na kilichoachwa huko kimeachwa.

Na mwendo wa vitu hivi si mwendo tuujuao. Chombo kilicho katika mizingo ya chini hukimbia kama kilomita 7.5 kwa kila sekunde. Kwa mwendo huo mtu angetoka Mombasa akafika Malindi kabla ya sekunde 20 kwisha. Kipande cha sentimita 1 kikikabiliana na chombo kwa mwendo kama huo, pigo lake ni kama la bomu la mkono. Tarehe 10 Februari 2009, juu ya Siberia, kiasi cha kilomita 790 kutoka ardhini, setilaiti ya simu ya kampuni moja ya Kimarekani, Iridium 33, iliyokuwa hai na yafanya kazi, iligongana na Kosmos 2251 ya Urusi, iliyokuwa imekufa zamani. Zote mbili zilivunjika, na vipande vikubwa vya kuweza kufuatwa vikafikia kama 2,000. Kila kimoja katika vipande hivyo chaweza kugonga kingine. Mambo haya aliyaonya Mmarekani Donald Kessler pamoja na mwenziwe tangu mwaka 1978: kwamba vitu vikizidi kiasi katika mizingo fulani, migongano itazaa vipande, na vipande vitazaa migongano, mpaka taka zikaongezeka zenyewe hatta kama hakuna mtu arushaye kitu kipya.

Hiyo ilikuwa ajali. Lakini wako waliovunja kwa kukusudia. Uchina tarehe 11 Januari 2007 iliipiga setilaiti yake kuukuu ya hali ya hewa, Fengyun-1C, kwa kombora, ili kujaribu silaha, na vipande zaidi ya 3,000 vya kufuatwa vikatawanyika. Urusi ikafanya mfano wa hayo tarehe 15 Novemba 2021 kwa Kosmos 1408, na watu waliokuwamo katika kituo cha kimataifa cha angani, na Warusi wenyewe wakiwamo, ikawabidi wakimbilie vyombo vyao vya kurudia wajikinge. Marekani nayo ilikwisha kuvunja ya kwake mwaka 1985. Sijui udhuru gani utakubaliwa kwa kitendo hiki. Mwenye kuvunja chupa katika njia ya watu ili aone kama mkono wake una nguvu, huyo hatuna haja ya kumtafutia dalili.

Huenda msomaji akasema: mbingu ni pana, na vitu 40,000 katika upana ule ni kama punje za mchanga baharini. Jawabu yake mabaharia wetu waijua. Bahari ya Hindi ni pana, lakini mlango wa Kilindini ni mwembamba. Mizingo ifaayo kwa kupiga picha za nchi, kwa kuangalia mawingu, kwa simu na kwa kuonyesha njia, si mingi. Kila mwenye haja huiendea hiyo hiyo. Jahazi moja lililozama katikati ya mlango wa bandari latosha kuzuia vyombo vyote, hatta kama nje bahari ni tupu.

Sasa tuje katika kazi yenyewe ya kuondoa, kwani wako wadhanio kuwa ni ndoto. Si ndoto. Mwaka 2018 na 2019 chombo kidogo cha Kiingereza kiitwacho RemoveDEBRIS kilijaribu huko juu kurusha wavu ukakinasa kitu kilichotolewa mahususi kwa jaribio, kisha kikapiga chusa ikaingia katika ubao uliowekwa shabaha. Wavu na chusa! Wavuvi wetu watastaajabu kusikia kwamba elimu yote hii imerudi kwenye zana zao. Mwaka 2021 kampuni ya Kijapani, Astroscale, ilionyesha namna ya kushika kwa sumaku chombo ambacho tangu kuundwa kwake kilitiwa bamba la kushikiwa.

Lakini shida kubwa ni vile vilivyorushwa zamani bila ya kufikiriwa kwamba siku moja vitashikwa. Chombo kilichokufa hakijibu kikiitwa. Hakina taa, hakina mpini, na mara nyingi chapinduka pinduka chenyewe bila ya mpango. Anayekiendea ni lazima kwanza akitafute kwa hesabu iliyochukuliwa kutoka ardhini, ambayo haikosi makosa. Kisha akijongelee kidogo kidogo kwa macho yake mwenyewe. Akizunguke apate kujua chapinduka vipi na wapi pana nguvu ya kushikika. Kisha aende nacho sawa katika kupinduka kwake kabla hajakigusa. Akikosea akakigonga, badala ya taka moja atakuwa amefanya mia. Na baada ya kukishika ana kazi ya kukituliza, na kukisukuma kwa nguvu ya kutosha ili kirudi katika hewa mahali ajuapo. Kikiwa kikubwa, vipande vyake vizito havitaungua vyote, na hapana budi viangukie bahari ya Pasifiki ya kusini, mbali na watu.

Wajapani ndio waliofika mbali katika hili. Tarehe 18 Februari 2024 kilirushwa kutoka New Zealand chombo cha Astroscale kiitwacho ADRAS-J, kwenda kutafuta kiwiliwili cha roketi ya Kijapani iliyorushwa mwaka 2009. Kiwiliwili hicho kina urefu wa kama mita 11 na uzito wa kama tani 3. Chombo kilikipata, kikakipiga picha, kikakizunguka, na mwisho wa Novemba 2024 kikakikaribia mpaka mita 15. Hakikukigusa, kukishika kwa mkono wa mtambo na kukiteremsha ni kazi iliyowekewa chombo cha pili. Miezi tisa na zaidi, basi, kwa kukaribia tu. Asemaye kwamba jambo hili ni jepesi na apime kwa hilo.

Na hapana kubadilisha njia huko juu kama nahodha ageuzavyo usukani. Mzingo mmoja ukipishana na mwingine kwa pembe, kutoka huu kwenda ule hutaka mafuta mengi mno, kwa hiyo safari moja mara nyingi hutosha kwa kitu kimoja, au viwili vitatu vilivyo jirani. Shirika la Anga la Ulaya mwaka 2020 lilifunga mkataba wa yuro milioni 86 na kampuni ya Uswisi, ClearSpace, ili iondoe kipande kimoja cha roketi chenye kilo 112, kilichoachwa juu mwaka 2013. Mwaka 2023, kabla ya safari kufungwa, ikaonekana kwamba kipande hicho kimegongwa na kitu kingine na vipande vipya vimetoka kwake. Mwaka 2024 ikabidi lengo libadilishwe, ikachaguliwa setilaiti ndogo ya PROBA-1, ya kilo 95.

Naomba msomaji azingatie jambo moja katika habari hizi zote. Wajapani wameendea roketi ya Kijapani. Wazungu wa Ulaya wamechagua setilaiti ya Ulaya. Wachina, mwezi wa Januari 2022, chombo chao cha SJ-21 kiliishika setilaiti yao iliyokufa kule kilomita 36,000, kikaivuta mpaka juu ya njia ya wengine, kikaiacha huko. Kila mmoja afagia mlangoni kwake. Ni jambo jema, wala hatulidharau. Lakini jee, vilivyochaguliwa ndivyo vyenye hatari zaidi? La. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbali mbali walipanga orodha ya vitu 50 vya mizingo ya chini ambavyo kugongwa kwake kungeleta balaa kubwa kuliko vyote. Wengi wa walio juu ya orodha ile ni viwiliwili vya roketi za Zenit za Kisovieti na za Urusi, kila kimoja kama tani 9, vinavyopishana katika kimo cha kilomita 800 na kitu. Hivyo hakuna aliyeviendea. Basi kinachochagua safari iende wapi si hatari. Chaguo hufanywa na suali la nani ana ruhusa ya kugusa.

Na hapa ndipo sheria ilipo, na ubovu wake. Mkataba wa Anga wa mwaka 1967 wasema kwamba umiliki wa kitu kilichorushwa haubadiliki kwa kuwapo angani wala kwa kurudi. Katika sheria ya bahari mtu aweza kuokoa chombo kilichoachwa na akadai ujira wake. Huko juu hakuna kitu kilichoachwa kwa maana ya kisheria, hatta bawaba na misumari ina mwenyewe, na asiye mwenyewe haruhusiwi kuigusa illa kwa idhini. Halafu mkataba wa dhamana wa mwaka 1972 ukagawa mambo mawili. Kitu kikianguka ardhini kikadhuru, nchi iliyokirusha ni dhamini kabisa, haulizwi alikusudia au hakukusudia. Mwaka 1978 Kosmos 954 ya Urusi, yenye tanuri la atomiki ndani, iliangukia Kanada, na mwaka 1981 Urusi ikalipa dola milioni 3 za Kanada. Lakini madhara yakitokea huko huko angani, hapana malipo illa kwa kuthibitisha kosa. Nani atathibitisha kosa la chombo kilichokufa? Hakikwenda popote, hakikugeuka, hakikufanya lolote. Kilikuwa chazunguka tu kama kilivyoachwa. Na mkataba haumwambii mwenyewe popote kwamba ni wajibu wake kukiondoa.

Tazama basi matokeo yake. Mwenye kuacha chombo chake kikafa akanyamaza, ana haki ya kusema "msiguse," wala hadaiwi kitu. Mwenye kujitolea kwenda kukiondoa cha mwingine, akikivunja kwa bahati mbaya, yeye ametenda, na mwenye kutenda ndiye awezaye kupatikana na kosa; nchi yake italipa. Sheria imempa raha mwenye kuacha, na imemtwika mzigo mwenye kuondoa. Sidhani kuna soko wala mtaa uwezao kuwa safi kwa kanuni kama hiyo.

Wanazuoni wa sharia walizungumza zamani habari za njia ya watu wote, na hapa maneno yao yanafaa kukumbukwa. Mwenye kuchimba kisima katikati ya njia bila ya ruhusa, mpita njia akaangukia humo, aliyechimba ni dhamini, ijapokuwa wakati ule alikuwa amelala nyumbani kwake. Hilo ni wazi. Lakini setilaiti yafanana zaidi na ukuta: uliojengwa wima, kwa ruhusa, katika milki ya mtu, kisha baada ya miaka ukainama upande wa njia. Hapo wamekhitalifiana. Wako waliosema hana dhamana, kwani alipojenga hakukosa. Na wako waliosema kwamba akionywa, naye aweza kuubomoa, kisha asiubomoe mpaka ukaanguka, basi dhamana ni juu yake. Mimi naona kwamba katika jambo letu hili kauli ya pili ndiyo yenye insafu. Aliyerusha mwaka 1985 huenda hakujua. Lakini leo orodha imekwisha andikwa, chombo kina namba, kina mwenyewe, na mwenyewe ameonywa.

Na bahari, ambayo ni mwalimu wa zamani wa anga, imekwisha kupiga hatua hiyo, tena katika nchi yetu. Tarehe 18 Mei 2007 zilikutana nchi mjini Nairobi zikapitisha mkataba wa kimataifa wa kuondoa mabaki ya meli, nao ukaanza kutumika tarehe 14 Aprili 2015. Meli ikizama au ikakwama mahali pa kuhatarisha wapitao, mwenyewe aliyeandikishwa ndiye mwenye kulazimika kuiondoa. Huwekewa muda. Asipofanya, nchi yenye pwani yaweza kuiondoa yenyewe na kumdai gharama. Na meli za tani 300 na zaidi ni lazima ziwe na bima ya kazi hiyo kabla hazijasafiri, na mdai aweza kumwendea mwenye bima moja kwa moja, ili kwamba mwenye meli akifilisika au akatoroka, fedha zisitoroke naye. Sehemu zote tunazozitafuta zimo humu: mwenyewe ajulikane, muda uwekwe, mwingine apewe ruhusa muda ukipita, na fedha ziwekwe kabla ya safari. Kinachokosekana ni mtu wa kuupandisha mkataba huu kutoka baharini kwenda juu.

Yako maneno mawili yenye uzito yasemwayo kupinga. La kwanza ni hofu. Mkono uwezao kushika setilaiti iliyokufa waweza kushika iliyo hai. Chombo kiendacho kuondoa taka leo, kesho chaweza kwenda kuipofusha setilaiti ya adui. Hofu hii si ya kipumbavu, wala hatuwezi kumwambia mtu awe na imani tu. Urusi na Marekani hazitapenda wageni wazunguke vyombo vyao vya siri wakivipiga picha kwa mita 15, ijapokuwa vimekufa. Lakini hofu ni hoja ya kutaka ruhusa na mashahidi. Si hoja ya kuacha kazi. Na ruhusa yaweza kupatikana. Mwezi wa Novemba 1984 wanaanga wa Marekani waliokuwa katika chombo cha Discovery walizishika kwa mikono setilaiti mbili zilizopotea njia, Palapa B2 ya Indonesia na Westar 6, wakazirudisha ardhini. Wenye bima walikuwa wamekwisha lipa na kuzimiliki, na wao ndio walioagiza zirudishwe. Mwanaanga mmoja akapigwa picha huko juu ameshika kibao cha kutangaza kwamba zauzwa. Zikauzwa kweli, zikarushwa tena mwaka 1990. Ruhusa haikuwa tabu hata kidogo pale mali ilipokuwa bado ina thamani. Yaonyesha kwamba ugumu wa ruhusa huja pale pasipo na faida.

Neno la pili ni la fedha, na hili latugusa sisi zaidi. Nchi zilizochelewa kufika, zaulizwa: na nyinyi changieni usafi. Kenya ilirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, kwa roketi ya Kimarekani. Jee, ilipe sawa na waliorusha tangu 1957? Haiwi. Taka kubwa zina wenyewe wanaojulikana, na kila mmoja apaswa kubeba kwa kadiri ya alichokiacha. Lakini pia haifai kwamba mnyonge aseme, "walichafua wao, basi na mimi nina zamu yangu ya kuchafua." Kwa vyombo vipya kanuni moja iwe juu ya wote, wakubwa na wadogo. Mwenye kurusha aweke rahani kabla ya kurusha, arudishiwe chombo chake kikishateremka, na asipokiteremsha, rahani hiyo imlipe atakayekiteremsha. Wako wachumi waliotoa shauri karibu na hili mwaka 2020, la kutoza ada kwa kila chombo kwa muda kikaapo juu. Marekani mwaka 2022 iliamuru setilaiti za mizingo ya chini ziteremshwe ndani ya miaka 5 baada ya kazi yake kwisha, badala ya miaka 25 iliyokuwa ikipendekezwa. Na Oktoba 2023 ikamtoza faini mwenye kampuni ya televisheni, Dish, dola 150,000, kwa kuiacha setilaiti yake ya EchoStar-7 kama kilomita 122 tu juu ya njia ya wengine badala ya kilomita 300 alizoahidi. Ilikuwa faini ya kwanza ya namna hiyo. Nimeifurahia, lakini ukiiweka dola 150,000 kando ya yuro milioni 86 utaona kwamba kwa mfanya biashara bado kuacha ni rahisi kuliko kuondoa.

Kenya ni mwanachama katika kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya anga kwa amani, ambayo hukutana Vienna. Mkataba uliopitishwa Nairobi kwa ajili ya meli, wajumbe wetu waweza kuufungua juu ya meza ile kifungu kwa kifungu, na kuuliza kila kimoja kwa nini hakifai kwa setilaiti. Na wasianze na roketi za Zenit, kwani hapo watajibiwa kwa siri za kijeshi na vita vya maneno. Waanze na Envisat. Hiyo ni setilaiti ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyorushwa tarehe 1 Machi 2002, yenye uzito wa tani 8, iliyonyamaza tarehe 8 Aprili 2012, nayo yatarajiwa kukaa katika mzingo wake, kama kilomita 770 kwenda juu, kwa miaka kama 150. Haina siri ya mtu. Wenyewe wajulikana, ni matajiri, hawahitaji idhini ya yeyote, na mpango wa kuiondoa walikwisha kuuandaa wakauita e.Deorbit. Fedha hazikutolewa, mpango ukaachwa, na Envisat ingali yazunguka.